Familia ya Kumi na Nne

4 Februari

Dada,

Mimi mzima. Bweni linavuja upande wa wenzangu, wangu mkavu, kwa hiyo sina kesi na mtu. Jumapili nilikupigia ukasema "ngoja kuna mteja", nikangoja mpaka nikasikia umempima kiuno, kifua na umbea wa mtaa mzima, kisha ukakata. Bora barua. Barua huwezi kuikata.

Nina habari. Mwaka huu wa pili wa ustawi wa jamii tumeanza semina ya mafaili. Kila mwanafunzi anapewa nakala ya faili la kweli, la zamani, kutoka ofisi ya ustawi. Majina yote na mitaa yote imefutwa kwa wino mweusi. Unasoma, kisha unaandika tathmini: nini kilitokea, afisa alikosea wapi, wewe ungefanyaje. Mhadhiri wetu ni mama mmoja mfupi asiyecheka hata akitekenywa. Siku ya kwanza alituapisha: kinachosomwa humu kinabaki humu, hata mumeo usimwambie. Mimi mume sina, nina wewe. Kwa hiyo soma, halafu uchome.

Yangu ni Familia ya Kumi na Nne. Mama, binti wa miaka kumi na sita, na mtoto wa miaka mitatu. Baba hayupo. Mama aliugua akili akalazwa, watoto wakachukuliwa na ndugu. Alipotoka hospitali akaja ofisini kuwaomba wanawe. Mara ya kwanza akaambiwa bado. Mara ya pili akaambiwa asubiri. Mara ya tatu watoto wakaletwa wakutane naye mbele ya afisa. Unajua yule binti alisema nini? "Mama yetu amekufa. Huyu simjui." Mama mwenyewe amekaa hapo! Afisa akaandika kwamba uhusiano umevunjika kabisa, akafunga maombi. Basi, kurasa kumi na moja, imekwisha.

Niliandika kurasa nane. Afisa nimemkosoa, lakini aliyepata kibano hasa ni huyo binti. Nimeandika kwamba alikuwa mbinafsi na mwenye moyo mgumu, kwamba alimnyang'anya mdogo wake mama kwa sentensi mbili. Mhadhiri amenipa alama ya juu kuliko darasa zima, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilitamani uwepo. Wewe ndiye niliyekuwa nakufikiria nikiandika, dada. Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki kwa ile homa ya ghafla. Nikasema kweli, kuna dada na dada.

Chiriku wako

&nbsp;

19 Februari

Chiriku,

Barua yako imefika. Hongera kwa alama. Shangazi angekuwa hai angemsimamisha kila mpita njia amsomee. Mimi nimemwambia mteja mmoja tu, mwalimu, naye akaniuliza suruali yake itakuwa tayari lini.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare za shule. Wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao wamerefuka.

Nimeichoma kama ulivyosema. Lakini wewe nawe! Umeapishwa asubuhi, jioni unamwaga mtama kwenye kuku wengi. Kazi hiyo utaiweza kweli na mdomo huo?

Sasa juu ya huyo binti. Wewe umesoma, mimi niliishia kwenye uzi na sindano, ila neno moja nitasema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka kumi na sita bado ni mtoto. Anamwona mama anaingia na gauni la kuazima, mikono imeshuka mpaka vidole havionekani, anaikunja, inashuka, anaikunja tena ili aonekane nadhifu, na watu wote mle ndani wanamkodolea macho mtoto ili yeye ndiye aamue. Ungetaka aseme nini? Usimwite mtu moyo mgumu kwa kusoma kurasa kumi na moja.

Basi, yaishe. Kula vizuri. Lile koti lako lina kifungo kinaning'inia, nimekutilia vitatu humu ndani.

Dada yako

&nbsp;

27 Februari

Dada,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nilikaa.

Sikukuandikia habari za gauni.

Nilifungua faili kuhakikisha. Ukurasa wa tisa, mstari wa nne: "Mteja amevaa gauni lisilo la kipimo chake. Mikono inafunika vidole, anaikunja mara kwa mara." Nilipoupita mstari huo mara ya kwanza niliona afisa anajaza karatasi tu. Sikuutia kwenye tathmini, na kwenye barua sikuutia, maana nilikuwa nimeshausahau.

Siku tatu nimejiambia, ah, fundi ni fundi, anaiona nguo hata ambayo hajaonyeshwa. Kisha nikaanza kusoma upya, safari hii bila kutafuta alama. Ukurasa wa sita unasema mtoto mdogo halali mpaka ashike sikio la dada yake. Mara ya kwanza nilidhani ndivyo watoto wote walivyo. Lakini shangazi alikuwa akikutania kila siku kwamba nimekuvuta masikio mpaka yamekuwa ya sungura. Dada, sisi huku tunafundishwa kwamba mteja ni mtu anayeingia kwa mlango ule, na wewe uko upande huu wa meza. Sikufikiria hata dakika moja kwamba naweza kuwa ninasoma habari zangu.

Nakuuliza swali moja, nijibu kwa neno moja. Yule binti ni wewe?

Mdogo wako

&nbsp;

15 Machi

Dada,

Nimekupigia mara sita. Mara moja amepokea jirani yako wa viatu, akasema, "Fundi yupo, ila anasema hayupo." Nilicheka, halafu nikalia.

Nijibu.

Chiriku

&nbsp;

30 Machi

Chiriku,

Ni mimi.

Neno ulilolitaka ndilo hilo. Nililiandika nikaliacha juu ya meza ya kukatia siku mbili, nikiogopa hata kuligusa. Sasa nakuandikia mengine, usome umekaa.

Mama hakufa kwa homa. Ulipokuwa na miaka miwili alianza kusema kuna watu wanakuja kukuchukua. Nikirudi shule nakuta amegongelea mbao madirishani. Nikimpa chakula ananiuliza nani amenituma. Mchana mmoja nilirudi nikamkuta amekaa chini mbele ya kabati la nguo, ameweka kidole mdomoni, ananiambia nyamaza watasikia. Wewe ulikuwa ndani. Alikuficha tangu asubuhi na ufunguo ameutupa chooni. Nilivunja mlango kwa mchi. Ulikuwa umelowa jasho kichwa mpaka miguu, na sauti ya kulia imekwisha. Ndipo shangazi akaja, mama akapelekwa hospitali.

Mpaka hapo sina lawama, na najua na wewe hutanilaumu. Ni haya yanayofuata.

Siku ile ofisini mama alikuwa amepona. Asikudanganye mtu, hata mimi nikija siku moja nikajitetea usiniamini. Macho yake yalikuwa yametulia. Alituita kwa majina yetu, taratibu, akasema ananiomba radhi mimi, mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Wewe ulikuwa umelala begani kwangu, umeshika sikio. Afisa akaeleza kwamba wakiridhika mama ni mzima, mdogo atarudi kwake kwanza, mimi nibaki kwa shangazi mpaka waone mambo yanaendaje. Wewe kule, mimi huku. Nilikuwa nimekubeba miezi kumi na minne. Shule nilikuwa nimeshaacha. Ulikuwa umeanza kuniita mama, nami nilikuwa nakukataza kwa mdomo tu, moyoni ninafurahi. Sikutaka kukutoa. Sababu ndiyo hiyo, usitafute nyingine kubwa zaidi. Kabati niliogopa, ndiyo, lakini nilipoona amepona niliogopa kuliko siku ya kabati. Nikasema yale maneno haraka haraka kabla miguu haijanipeleka kwake.

Hakulia. Alisema, "Haya, mwanangu," akainuka. Hakurudi tena, wala sijui alipo.

Shangazi alijua. Tulikubaliana ukikua utaambiwa. Ulipofika miaka saba nikasema bado, ngoja kumi. Ulipofika kumi nikasema akivunja ungo. Ulipovunja ungo nikasema ana mitihani. Halafu ukanijia na barua ya chuo kikuu unaruka, unaniambia unakwenda kuchukua shahada ya ustawi wa jamii. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ukadhani ni furaha. Kazi zote za dunia hii, mwanangu, ukaichagua hiyo!

Miaka kumi na tisa sasa, mwanamke wa makamo akisimama mlangoni kwangu, namtazama mikono kabla ya uso. Na miaka yote hiyo sikujua kwamba kuna darasa la watu mahali wananisoma mimi na kunitia alama. Tathmini yako ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ndiyo ya kweli.

Dada yako

&nbsp;

12 Aprili

Sijui nikuiteje leo, kwa hiyo naanza hivi hivi.

Nina hasira, na siwezi kungoja ipoe ndipo niandike kwa adabu. Umeninyima mama. Si lazima ningeishi naye. Ningeweza kwenda kumwona Jumamosi, nikamjua sauti, nikajua kama miguu yangu hii mikubwa ni yake. Kila mwaka shuleni tukiandika insha ya "Mama yangu" nilikuwa naandika habari za marehemu, walimu wananihurumia, na wewe unanisahihishia herufi! Ulisoma zile insha zote. Uliwezaje?

Halafu nikishapandwa hivyo nakumbuka mchi na mlango wa kabati. Nakumbuka ulikuwa na miaka kumi na sita na mimi niko begani. Hasira inarudi nyuma, nabaki naona aibu, kisha inapanda tena. Nimechoka, dada. Umeona, nimeshakuita.

Nilikwenda kwa mhadhiri nikamwambia yote mawili: kwamba nimetoa habari za faili nje kwa barua, na kwamba faili lenyewe ni la kwetu. Alifunga mlango, akakaa. Kisha akasema, "Umevunja kiapo. Ile alama naifuta, na somo utalirudia mwakani. Hilo ni lako." Nikasema sawa. Akasema, "Na letu ni hili: tulifuta majina tukaona kazi imekwisha. Faili hili halitasomwa tena darasani." Sauti yake haikuwa ile ya darasani.

Akaniambia pia kwamba kurasa kumi na moja ni nakala ya kufundishia tu. Faili lenyewe ni nene zaidi, na mtoto aliyeandikwa humo akishakuwa mtu mzima ana haki ya kuomba alisome, likiwa na majina yote. Amenisaidia kuandika maombi. Majibu huchukua kama mwezi.

Nitatafuta anwani yake. Nitakwenda kumwona, na nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka. Kama una la kusema, sema sasa.

Mdogo wako

&nbsp;

21 Aprili

Chiriku,

Hasira ni haki yako, ikae kwako kadiri unavyotaka. Mimi sitakuomba uiharakishe. Maji yakimwagika hayazoleki, na niliyeyamwaga ni mimi, tena macho makavu.

Insha, ndiyo. Nilizisoma zote. Moja nimeitunza.

Nenda kamtafute. Simzuii mtu tena katika dunia hii. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Nimeitia gundi, halafu nikaipitisha cherehani juu yake, maana gundi siiamini. Hiyo ni ya mama. Usiifungue. Ukimpata mpe mkononi, na usijifanye msomi ukamsomea, yeye alikuwa akisoma vizuri kuliko mimi. Akikataa kuipokea usimbembeleze, iache mezani uondoke. Akiuliza nafanya kazi gani, mwambie fundi. Akiuliza kama nimeolewa, mwambie nilikuwa na mtoto wa kulea, wachumba wakaona foleni ndefu.

Nimejaribu kuikumbuka sura yake nikuchoree hapa, uitambue. Naikumbuka ile ya kwenye kabati na ile ya ofisini. Za kabla ya hapo zimegoma kuja.

Na jambo jingine. Ukishamwona, ukataka kukaa naye, kaa. Uende likizo kwake, usije kwangu. Nimejizoesha kulisema hilo wiki nzima nikiwa peke yangu na cherehani.

Nipelekee salamu zangu kwa mhadhiri wako. Mwambie nimesikia alichosema.

Dada yako

&nbsp;

18 Mei

Dada,

Mama amefariki. Nakuandikia mwanzoni kabisa ili usiipekue barua nzima ukimtafuta. Alifariki miezi saba baada ya siku ile ya ofisini, katika hospitali ya serikali, kwa ugonjwa wa figo. Akili yake ilikuwa nzima mpaka mwisho, daktari ameandika hivyo. Hakuuawa na neno lako. Najua hilo ndilo utakalojiuliza kwanza, ndiyo maana nililiuliza mimi kwa niaba yako, nikamwuliza karani, nikamwuliza na muuguzi mmoja mzee anayejua kusoma vyeti vya kifo. Wote wamenijibu sawasawa.

Miaka yote uliyokuwa unautazama mlango wa duka, hakukuwa na mtu wa kuja. Nililia kwenye ngazi za ile ofisi mpaka mlinzi akaniletea kiti chake, akasimama yeye. Nilikuwa nimempata mama kwa wiki sita tu, na zote nilizitumia kumkasirikia mtu mwingine.

Faili lenyewe lina kurasa kumi na tisa. Hizo nane hazikuwahi kufika darasani kwa sababu, nimeambiwa, hazikuhusu somo. Moja ni mazungumzo ya afisa na mama siku ileile, sisi tumeshaondoka. Nimeruhusiwa kuinakili, nayo ni hii:

"Mteja hakupinga uamuzi. Aliuliza kama binti mkubwa bado anasoma. Nilimjibu kwamba ameacha shule ili kumlea mdogo. Aliuliza ni nani anayemwangalia binti mkubwa. Nilimjibu kwamba faili hili ni la mtoto mdogo. Mteja alisema: Yule mkubwa naye ni mtoto. Amekonda. Amenikana kwa sababu amechoka, na mimi ndiye niliyemchosha. Mfungulieni na yeye faili lake. Aliondoka saa nane mchana."

Hawakukufungulia. Nimepekua rejista ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata, karani akanisaidia mpaka akakasirika kuliko mimi. Hakuna. Katika kurasa zote kumi na tisa hakuna aliyekuuliza umekula nini, unalala saa ngapi, au wewe ulitaka nini. Nami niliandika nane zangu, nikapigiwa makofi, na sikuuliza.

Hasira bado ninayo, sitaki kukudanganya, sisi wawili tumeshadanganyana vya kutosha. Siku nyingine inaamka kabla yangu. Lakini Ijumaa nakuja na basi la asubuhi. Bahasha ya mama ninayo, uzi wako haujaguswa. Kaburi lina namba na nimeonyeshwa lilipo. Tutakwenda wote wawili. Ukitaka kumsomea, utamsomea, na ukitaka nisogee pembeni nisisikie, nitasogea.

Usije stendi kunipokea. Usipike, usifue mashuka, usinitafutie godoro kwa jirani. Wateja waambie fundi hayupo, na safari hii iwe kweli. Wewe kaa tu, dada. Nakuja kukuangalia.

Mdogo wako